Kutabiri Mvua ya Msimu: Tujue Nini, Tuwaambie Watu Nini?

Kila mwaka, Kwaresima inapokaribia, swali moja linaletwa mbele ya mlango wa kanisa baada ya Misa, hasa katika parokia za milimani. "Padri, radio imesema mvua ya masika itakuwa nyingi. Tupande sasa, ama tungoje?" Padri anatazama mawingu. Katekista anamtazama padri. Na mara nyingi jibu ni hili tu: "Tumwachie Mungu."

Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya jibu. Anayeuliza amebakiza kikapu kimoja cha mbegu ya maharagi. Akikitia udongoni mapema na mvua ikakatika majuma matatu, mbegu imepotea, na nyumba yake itakula muhogo mtupu mpaka mwezi wa saba. Akikawia, maharagi yatakutwa na kiangazi kabla ya kukomaa. Mtu huyu anaomba shauri, na Mungu ametupa akili ili tushauriane. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza hapa, pole pole, jinsi wataalamu wanavyotabiri mvua ya majuma na miezi ijayo, mahali gani utabiri wao una nguvu, na mahali gani hauna.

I. Mambo mawili yasichanganywe

Kwanza tutenge hali ya hewa ya siku na tabia ya msimu. Hali ya siku ni mvua ya kesho mchana au upepo wa usiku huu. Tabia ya msimu ni jumla ya mvua ya miezi mitatu: ni nyingi kuliko kawaida, ni ya kawaida, au ni chache?

Mwalimu wa shule anajua tangu mwanzo wa mwaka kwamba, wakati wa kupalilia, watoto wengi wa darasa lake watakosa masomo. Lakini hawezi kusema ni mtoto gani atakayekosa Jumanne ijayo. Neno la kwanza ni la msimu, neno la pili ni la siku. Mtu anaweza kujua la kwanza bila kujua la pili.

Utabiri wa siku una mpaka wake. Mwaka wa 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa Marekani, alikuwa akihesabu mwendo wa hewa kwa ordinateri. Siku moja alitaka kurudia hesabu yake. Badala ya kuandika 0,506127, aliandika 0,506 tu, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, aliona kwamba hesabu mbili zilianza pamoja, kisha zikaachana kabisa, kama watu wawili wasiojuana. Kosa dogo sana la mwanzo lilikuwa limezaa hali ya hewa nyingine. Mwaka wa 1963 alitoa maelezo yake kwa wataalamu wenzake. Tangu hapo tunafahamu kwamba hatuwezi kupima hewa yote ya dunia bila kosa hata dogo; kwa hiyo utabiri wa siku kwa siku unakufa baada ya majuma mawili hivi. Anayewaambia ninyi kwamba mvua itanyesha tarehe fulani miezi miwili mbele, msimsadiki, hata kama ana mashini kubwa.

Basi, utabiri wa msimu unasimama juu ya nini? Unasimama juu ya bahari. Lakini kabla ya kufika baharini, tutazame njia ya mvua katika nchi yetu.

II. Mvua inafuata jua

Katikati ya dunia kuna mshipi wa mawingu na mvua. Pale ambapo jua linapiga wima, hewa inapata moto, inapanda juu, inapoa, na maji yake yanaanguka. Jua linapokwenda kaskazini, mshipi unalifuata. Linaporudi kusini, mshipi unarudi. Jua linapita juu ya ikweta mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 20 ya mwezi wa tatu, na karibu tarehe 22 ya mwezi wa tisa.

Kwa hiyo mahali palipo karibu na ikweta, mvua inazidi mara mbili. Bukavu na Goma wanaona mvua ya mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili, kisha mvua ya mwezi wa tatu mpaka wa tano. Ndizo misimu miwili ya kilimo. Lubumbashi iko mbali kusini, zaidi ya digri 11, na jua linakwenda na kurudi kwa haraka zaidi: huko mvua ni moja tu, tangu mwezi wa kumi au wa kumi na moja mpaka wa nne, na kipwa kirefu kinafuata. Mseminari wa Katanga asimcheke mwenzake wa Kivu anayehesabu misimu tofauti. Kila mmoja anasema kweli ya kwao.

Mwendo huu wa jua hauna shaka. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kutabiri bila mashini: waliangalia nyota, miti inayochipua, na ndege wanaohama. Shaka ni juu ya mambo mengine: mshipi utachelewa kidogo? Utabeba maji mengi au machache? Utakatika katikati ya njia? Hapo ndipo bahari inaingia.

III. Bahari ni ghala ya joto

Hewa inasahau upesi, lakini bahari inakumbuka. Metri tatu tu za maji ya juu ya bahari zinashika joto kadiri ya hewa yote iliyo juu yake. Maji ya bahari yakipata joto kupita kawaida, hayapoi kwa siku moja. Yanakaa hivyo kwa miezi, na kila siku yanaisukuma hewa upande ule ule. Anayejua leo joto la bahari, anajua jambo moja juu ya mvua ya miezi mitatu ijayo.

Habari hii ilitafutwa kwa sababu ya njaa. Nchini India, mvua kubwa ilikosekana mwaka wa 1877 na tena 1899, na watu wengi sana walikufa. Gilbert Walker, aliyeongoza vituo vya hali ya hewa vya India tangu 1904 mpaka 1924, alikusanya vipimo vya hewa vya nchi nyingi. Aliona kwamba uzito wa hewa ukipanda upande mmoja wa bahari ya Pasifiki, unashuka upande mwingine, kama mizani. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1969, Jacob Bjerknes alionyesha kwamba mizani hiyo imefungamana na joto la maji.

Wavuvi wa Peru walikuwa wamekwisha kuona joto hilo. Mara nyingine, karibu na Noeli, maji ya baridi ya pwani yao yaligeuka ya moto na samaki wakatoweka. Kwa sababu ya siku zile za Noeli, waliliita El Niño, ndiyo kusema Mtoto, kwa heshima ya Mtoto Yezu. Namna yake ni hii: kwa kawaida upepo unayasukuma maji ya moto upande wa Indonesia. Upepo ukilegea, maji hayo yanateleza kurudi upande wa Amerika. Mvua inayafuata, na mwendo wa hewa wa dunia nzima unageuka. Upepo ukizidi nguvu, inakuwa kinyume, nayo inaitwa La Niña.

Sisi tuna bahari nyingine karibu zaidi, bahari ya Hindi. Mwaka wa 1999 wataalamu wa Japani walieleza mizani yake: mara nyingine maji ya upande wa Afrika yanapata joto, na yale ya Sumatra yanapoa. Hapo mvua ya mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili inazidi sana katika Afrika ya mashariki na katika maziwa yetu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1961, ziwa Victoria lilipopanda na mto Congo ulipofurika Kinshasa, iliyoitwa wakati ule Léopoldville. Ndivyo ilivyokuwa tena 1997, na 2019.

Tuangalie vema: bahari ile ile haiwapi watu wote zawadi moja. Mwisho wa mwaka wa 2023 El Niño ilikuwa na nguvu, na mizani ya bahari ya Hindi ilielekea kwetu. Ziwa Tanganyika, lililokwisha kupanda tangu miaka ya mbele, lilipanda tena mpaka likaingia katika nyumba za Kalemie, Uvira na Bujumbura katika miezi ya nne na ya tano ya 2024. Lakini Zambia, jirani ya Katanga, ilikauka. Mwezi wa pili wa 2024 serikali ya Zambia ilitangaza msiba wa taifa, kwa kuwa mahindi yalikufa shambani. Na wale wanaokula bukari Lubumbashi wanajua vema unga mwingi unatoka wapi. Basi mmoja alilia kwa maji, mwingine kwa kiu, na chanzo kilikuwa kimoja.

IV. Kwa nini masika ya mwezi wa tatu ni magumu

Mtu akisikia haya, atasema: "Basi tutazame bahari, nasi tutajua yote." Si vile. Utabiri wa mvua ya mwisho wa mwaka una nguvu kuliko utabiri wa mvua ya mwezi wa tatu mpaka wa tano. Sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza: El Niño na La Niña zinakomaa karibu na Noeli, kisha zinafifia katika miezi ya tatu, ya nne na ya tano. Kwa watu wa Ulaya na wa Marekani miezi hiyo ni majira ya kuchipua, na wataalamu wao wanasema juu ya "kizuizi cha majira ya kuchipua": utabiri unaojaribu kuvuka miezi ile unapoteza nguvu, kwa kuwa bahari yenyewe iko njiani kugeuka. Mizani ya bahari ya Hindi nayo inakuwa imelala wakati huo.

Sababu ya pili: masika haya yanatawaliwa na mambo ya majuma kuliko mambo ya miezi. Mwaka wa 1971 Roland Madden na Paul Julian waligundua wimbi kubwa la mawingu linalozunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki, karibu na ikweta, kwa muda wa siku 30 mpaka 60. Linapopita juu ya Afrika na bahari ya Hindi, mvua inafunguka. Linapokwenda mbali, mvua inafunga. Wimbi hili linaweza kuonekana majuma mawili au matatu mbele, si miezi mitatu mbele. Ndiyo sababu mvua inaweza kuanza vema, watu wakapanda, kisha jua likakaa majuma matatu.

Tena kuna tufani za bahari ya Hindi. Mwezi wa tatu wa 2018, tufani mbili, Dumazile na Eliakim, zilipita karibu na Madagaska. Zilivuta upepo wenye maji kutoka msitu wetu wa Congo, ukavuka maziwa, na mvua nyingi sana ikaanguka Afrika ya mashariki. Mwaka uliofuata, mwezi ule ule wa tatu, tufani Idai ilikaa upande wa pili, katika mlango wa bahari kati ya Madagaska na Mozambique, ikaangamiza mji wa Beira; na huko Kenya mvua ya masika ilichelewa. Hakuna mtaalamu anayeweza kusema katika mwezi wa kwanza kwamba tufani itapita upande gani wa Madagaska katika mwezi wa tatu.

V. Jinsi ya kusoma tangazo

Kila mwaka wataalamu wa nchi mbalimbali wanakutana kabla ya msimu. Nairobi kuna kituo cha ICPAC cha Afrika ya mashariki. Niamey kuna ACMAD ya Afrika nzima. Na Congo yetu ina servisi yake, Mettelsat. Wanalinganisha hesabu za mashini nyingi, kisha wanatoa ramani yenye rangi. Juu ya Kivu, kwa mfano, wataandika tarakimu tatu: 45, 35, 20. Maana yake ni nini?

Wanachukua mvua ya miaka 30 iliyopita ya mahali pale na kuipanga tangu ndogo mpaka kubwa. Miaka 10 yenye mvua nyingi ni fungu la kwanza, 10 ya katikati ni fungu la pili, 10 yenye mvua chache ni fungu la tatu. Mtu asiyejua neno lolote juu ya mwaka ujao atasema: kila fungu lina nafasi 33 kwa mia. Mtaalamu aliyetazama bahari anasema: mwaka huu fungu la mvua nyingi lina nafasi 45, la kawaida 35, la mvua chache 20.

Hapo watu wengi wanakosa. Radio inafupisha: "Mvua itakuwa nyingi." Katekista anarudia: "Wazungu wamesema mvua itajaa." Na kijijini habari imekuwa mafuriko. Lakini tangazo halikusema vile. Limesema kwamba mvua nyingi ina nafasi kubwa kuliko mafungu mengine, na bado, katika miaka mitano iliyotabiriwa hivi, mmoja utakuwa wa mvua chache. Mwaka huo mmoja ukija, mtaalamu hakusema uwongo. Tutampima kwa matangazo ya miaka mingi, si kwa mwaka mmoja.

Tena tangazo la msimu halisemi jinsi mvua itakavyogawanyika. Milimetri 400 zikianguka pole pole katika siku 40, ni baraka. Milimetri zile zile zikianguka katika siku 10, zinabeba udongo na kuacha mawe. Wala halisemi juu ya usiku mmoja. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 ya mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira na kuua watu. Jioni ya tarehe 4 ya mwezi wa tano 2023, maji na matope yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, na zaidi ya watu 400 walikufa. Ramani ya miezi mitatu haiwezi kuonyesha jioni kama ile.

VI. Tuwaambie watu nini?

Padri na katekista wanasikiwa kuliko radio. Hiyo ni heshima, tena ni hatari. Padri akitangaza mbele ya altare kwamba mvua itakuja, na isije, watu watamweka katika hesabu ya waganga wa mvua. Na siku atakapopiga kengele kwa sababu mto unapanda kweli, hawatatoka nyumbani. Kwa hiyo tunashauri mambo haya:

1. Tangazo likifika, tuulize: ni la mahali gani, la miezi gani, na tarakimu zake tatu ni zipi? Tusipojua, tusilitangaze.

2. Tuseme kwa maneno ya nafasi: "Yaelekea mvua kuwa nyingi, lakini mwaka mkavu haukukatazwa." Watu wetu wanafahamu vema. Mvuvi wa Tanganyika anajua kwamba usiku mwema wa giza unaweza kuleta mtumbwi mtupu.

3. Tushauri kazi ambazo hazitaleta hasara hata utabiri ukikosa: kupanda mbegu mara mbili, nusu sasa na nusu baada ya majuma mawili, kulinda mbegu ya akiba, kuchimba mifereji kandokando ya shamba na ya kanisa, kuacha kipande cha muhogo.

4. Tusitulie na tangazo moja. Lile la msimu linasaidia kuchagua mbegu. Lile la majuma mawili linasaidia kuchagua siku za kupanda. Lile la kesho linasaidia kuokoa uhai.

5. Anayelala kando ya mto au chini ya mlima uliovuliwa miti asingoje tangazo lolote. Mvua kubwa ikiendelea juu mlimani, na aondoke. Shule na kanisa lililo mahali pa juu vifunguliwe usiku ule ule.

6. Kila misioni iwe na kipimo cha mvua. Zamani, katika miaka ya 1950, Congo ilikuwa na vituo vingi vya kupima, kama vile vya INEAC. Vingi vimenyamaza, na leo wataalamu wanatazama nchi yetu hasa kwa satelite. Chombo ni rahisi: kopo lenye ubavu wima, mbali na miti na paa, na rula. Tusome kila asubuhi saa ile ile na kuandika katika daftari. Milimetri moja ni litri moja ya maji katika metri moja ya mraba. Daftari la miaka 10 ni mali ya parokia, na utabiri wa mbali unaweza kurekebishwa kwa hilo.

Kazi hiyo si ngeni kwa mapadri. Mwaka wa 1875 padri Benito Viñes, Mjezuiti wa chuo cha Belén mjini Havana, alionya watu kwamba tufani inakuja. Alikuwa amejifunza kusoma mawingu ya juu na kuandika vipimo vyake kila siku. Mwaka wa 1879 mwenzake Federico Faura alifanya vile Manila. Hawakuwa manabii. Walikuwa watu wa daftari.

Mmoja atauliza: je, tukihesabu nafasi za mvua, hatupunguzi sala? Hapana. Eklezya ina sala ya kuomba mvua, na sala ya kuomba jua, tena siku za Rogasyo zilizoea kuwapeleka wakristu mashambani. Anayejua kwamba nafasi ni 45 kwa mia anajua vilevile kwamba zilizobaki ni 55, naye hawezi kujivuna. Bwana wetu hakuwalaumu Wafarisayo kwa sababu walijua kusoma rangi ya mbingu. Aliwalaumu kwa sababu walisoma mbingu tu, wakaacha mengine.

Tumkumbuke Yosefu kule Misri. Alijua yatakayokuja kwa neno la Mungu mwenyewe, nafasi 100 kwa mia, na bado hakukaa kuyatangaza tu. Alijenga ghala. Sisi ambao tuna nafasi 45 tu, tuna sababu zaidi ya kujenga. Basi mwaka huu, mkristu akikuuliza mbele ya mlango wa kanisa, mwulize nawe: "Mbegu ya akiba umeiweka wapi?" Kisha keti naye, mgawanye kikapu chake mafungu mawili.